Sikio la Gita la Umeme



Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi, na pale nguzo zisipofika pana sola au jenereta. Nao umeme haukuja peke yake. Umekuja na magita yake. Kwaya zilizokuwa zikiimba kwa ngoma na kayamba tu, leo zina gita la solo, gita la ridhim na gita la besi, na vijana wapendao kuyapiga ni wengi kuliko magita yenyewe. Mimi ni karani wa parokia, na daftari la fedha za kwaya hukaa mezani pangu. Kwa hiyo shida za magita hunifikia mapema, maana kila shida ya gita huishia kuwa shida ya fedha.

Basi tangu mwaka jana limezuka neno jipya. Kijana huja na barua yake, ameiandika vizuri, asema, "Tunaomba fedha za kununua pikapu." Mzee mmoja wa kamati, aliposomewa barua ya kwanza, aliondoa miwani akauliza kama kwaya sasa yataka gari, na dereva atalipwa na nani. Watu walicheka, walakini hakuna hata mmoja pale aliyeweza kumweleza mzee sawasawa pikapu ya gita ni kitu gani. Hata kijana aliyeandika barua alijua jina na bei tu.

Ndiyo sababu naandika. Nataka mzazi atakayeombwa fedha hizo ajue anaombwa nini, naye kijana atakayeziomba ajue anatafuta nini. Maoni yangu nayatoa mapema: wengi waombao pikapu mpya hawaihitaji bado, na wale waihitajio kweli, mara nyingi huchagua ile yenye nguvu kupita zote, kama mtu anunuaye viatu kwa kutazama ukubwa wake bila kukumbuka mguu.

Tuanze na kitu chenyewe. Litazame gita la umeme chini ya nyuzi zake, kati ya mwisho wa shingo na daraja. Utaona vipande viwili au vitatu vilivyolala kukatiza nyuzi, kila kimoja kikiwa na urefu wa kama kidole, na mara nyingi kina vichwa sita vya chuma, kila kichwa chini ya uzi wake. Hizo ndizo pikapu. Ukiifungua moja utakuta sumaku, na kuizunguka sumaku hiyo umo waya wa shaba mwembamba kama unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Katika pikapu za Fender za namna ya zamani mizunguko hiyo yapata 8,000. Waya huo uliozungushwa tutauita koili.

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kuwaonyesha watoto nguvu ya sumaku kwa kunyunyiza unga wa chuma juu ya karatasi, na chini ya karatasi tuliweka sumaku. Unga ulijipanga wenyewe kwa mistari, kama nywele zilizochanwa. Wengi wenu mmeyaona hayo shuleni. Basi uzi wa gita nao ni wa chuma. Ukitikisika juu ya sumaku, huitikisa ile mistari isiyoonekana. Na mistari ikitikisika kati ya mizunguko ya waya, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya. Njia hii ya kuzalisha umeme iligunduliwa na Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831. Umeme huo mdogo hupita katika kebo hata amplifaya, amplifaya huukuza, na spika huugeuza kuwa sauti.

Uone basi kwamba pikapu si maikrofoni. Maikrofoni husikia hewa. Pikapu husikia chuma. Funga nyuzi za nailoni juu ya gita la umeme, upige utakavyo, spika itanyamaza kama jiwe. Mtu akilielewa neno hili moja, nusu ya safari amekwisha kuimaliza.

Gita la kwanza la namna hii kuuzwa lilitoka Marekani mwaka 1932, kazi ya George Beauchamp na mwenzake Adolph Rickenbacker. Lilikuwa la alumini, duara dogo lenye mkono mrefu, hata watu wakaliita kikaango. Haja yao ilikuwa kwamba gita lisikike katikati ya matarumbeta. Baadaye akaja Leo Fender wa California, ambaye alikuwa fundi redio, tena yeye mwenyewe hakujua kupiga gita. Mwaka 1954 alitoa gita la Stratocaster lenye pikapu tatu, na umbo lake laigwa mpaka leo na viwanda vingi vitengenezavyo magita ya bei ndogo. Nawaambia vijana habari za fundi huyu ili wasimdharau fundi redio wa sokoni kwetu.

Sasa nieleze yaliyotokea katika kwaya yetu, maana ndiyo yaliyonifundisha.

Gita letu la solo tulilinunua likiwa limekwisha kutumika. Ni la umbo hilo la Stratocaster, lakini jina lililoandikwa kichwani silijui, wala fundi halijui. Lina pikapu tatu za koili moja moja. Malalamiko yalikuwa matatu: kwamba lavuma kama nyuki hata lisipopigwa, kwamba swichi ikielekezwa kwenye pikapu ya darajani halitoi sauti, na kwamba kanisani sauti yake ni nzito na butu, haikati. Mpiga solo wetu, kijana wa miaka 19, alikuwa ameona katika simu yake pikapu fulani zenye nguvu nyingi, zisifiwazo na wapigaji wa Ulaya na Marekani. Bei ya hizo ilipita bei ya gita lenyewe. Fedha zilizokuwapo zilitokana na shamba la mahindi la kwaya, na akina mama walikuwa wamekwisha kuziwekea nia: sare mpya.

Kamati iligawanyika. Wengine walisema gita liuzwe, turudi kwenye kinanda. Wengine walisema kijana apewe anachotaka, kwa kuwa ndiye aliyewafundisha wadogo wote wanaopiga. Naye alisema waziwazi kwamba asipopata pikapu hizo atarudisha gita na kwenda kupiga mjini. Sikupenda hata moja katika maneno hayo matatu. Niliomba juma moja. Nilisema, kabla hatujatoa shilingi, gita lipimwe kama mgonjwa apimwavyo kabla ya kupewa dawa. Na kijana mwenyewe awe ndiye mpimaji, fundi redio amsaidie.

La kwanza walitazama nyuzi. Nyuzi tatu nene zilikuwa za shaba, zile zifungwazo katika gita kavu! Mtu fulani alizikuta dukani, akaziona zang'aa, akazifunga. Shaba haivutwi na sumaku, kwa hiyo pikapu husikia tu ule moyo mwembamba wa chuma ulio ndani, na sauti huwa dhaifu upande ule. Nyuzi nyembamba nazo zilikuwa na kutu. Walinunua seti moja ya nyuzi za gita la umeme, zilizozungushiwa nikeli, na hapo hapo gita likapata uhai nusu. Nawasihi, mzazi akiombwa pikapu aulize kwanza nyuzi zilibadilishwa lini.

La pili ni mita ya fundi, ile ndogo ya kupimia umeme. Hapa pana jambo ambalo kila kwaya yafaa ilijue, kwa maana halihitaji kufungua gita. Chomeka kebo katika gita, fungua volyumu na toni zote mpaka mwisho, kisha weka ncha moja ya mita kwenye ncha ya plagi iliyo mwisho wa pili wa kebo, na ncha nyingine kwenye shina la plagi hiyo. Mita iwekwe kupima omu. Halafu sogeza swichi ya gita, pikapu moja moja. Pikapu nzima ya koili moja huonyesha yapata omu 5,500 mpaka 7,000. Ya koili mbili omu 7,000 au 8,000, na zile zilizokazwa sana hufika 16,000 na zaidi. Ikionyesha 250,000 au 500,000, umeipima volyumu yenyewe, na pikapu hiyo waya wake umekatika, au umeng'oka mahali. Ikionyesha sifuri, pana waya uliogusana na mwingine, au kebo ni mbovu.

Kwetu, ya shingoni ilionyesha 5,900, ya katikati 6,000, na ya darajani 248,000. Basi ugonjwa ulijulikana. Mbili nzima, moja imekufa.

La tatu ni ule mvumo. Pikapu ya koili moja husikia nyuzi, lakini husikia pia umeme wa nyumba, ambao kwetu hubadilika mara 50 kwa nafsi moja ya saa, yaani sekunde. Mvumo kidogo ni tabia yake, hauponi kabisa. Ila kuna namna ya kupima kama umezidi kiasi. Gusa nyuzi kwa mkono. Mvumo ukipungua, waya wa ardhi wa gita ni mzima. Usipobadilika hata kidogo, au ukizidi, ujue waya uendao kwenye daraja umeachia. Wetu ulikuwa umeachia, nyuma kabisa, kwenye kile chuma kishikacho springi. Fundi aliuchomelea kwa risasi kwa dakika mbili, naye hakutaka malipo.

Hapa nitoke kidogo nje ya habari, kwa kuwa hili ni la uhai. Waya wa ardhi waunganisha nyuzi na amplifaya. Na amplifaya yaunganika na umeme wa ukutani. Mpigaji akigusa nyuzi huku midomo yake yagusa maikrofoni, akapigwa na umeme, hata kidogo tu, muziki usimame hapo hapo. Kosa halimo katika pikapu. Limo katika soketi, au waya wa kurefushia umeme, au jenereta isiyofungwa waya wa ardhi. Wako watu wakatao mguu wa tatu wa plagi ili mvumo upungue. Huko ni kuchezea kifo, tena kifo cha mtoto wa mtu. Aitwe fundi umeme.

La nne lilikuwa ile sauti butu kanisani. Jambo hili lilimshangaza kijana kuliko yote. Kwetu hatuna amplifaya ya gita. Gita lilichomekwa moja kwa moja katika miksa pamoja na maikrofoni. Sasa, amplifaya ya gita hupokea sauti kwa upole: mlango wake huwa na omu 1,000,000. Mlango wa kawaida wa miksa huwa na omu 10,000 hivi. Pikapu ni kama mtoto mnyonge. Ukimpa kibuyu atakibeba, ukimpa gunia la mahindi atainama. Mlango wa miksa ni gunia. Sauti nyembamba, zile zikatazo, hupotea kwanza. Dawa yake ni kisanduku kidogo kiitwacho DI, kile cha kutumia betri au umeme wa miksa, ambacho hukaa katikati. Au, kama miksa ina tundu lililoandikwa Hi-Z, gita lichomekwe hapo. Kebo nayo isiwe ndefu bila sababu, maana kila mita yake hula sauti nyembamba kidogo. Yetu ilikuwa ndefu kutoka kwaya mpaka mlangoni, na nusu yake ilikuwa imeviringishwa chini ya kiti.

Mwaona basi. Pikapu ya dhahabu ingefungwa katika gita lile, likachomekwa katika miksa ile kwa kebo ile, ingetoa sauti ile ile butu. Na fedha za mahindi zingekuwa zimekwisha.

La tano ni bisibisi. Kila pikapu ina skrubu mbili pembeni za kuiinua na kuishusha, nazo hazina gharama yoyote. Ikiwa chini mno, sauti hufifia. Ikiwa juu mno, sumaku huvuta nyuzi na gita hukataa kutulia katika sauti yake, hasa juu ya nyuzi nene. Utasikia sauti kama mbili zikigombana katika uzi mmoja. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, kisha pima kwa rula ya shule nafasi iliyo kati ya uzi na kichwa cha pikapu. Kwa koili moja anzia milimita 2.4 chini ya uzi mnene na milimita 2 chini ya uzi mwembamba. Kwa koili mbili anzia 2.4 shingoni na 1.6 darajani. Halafu iache rula, ufuate sikio. Robo mzunguko ya bisibisi husikika. Kijana wetu alikaa jioni nzima chini ya mwembe na amplifaya ndogo ya kuazima, akizungusha na kusikiliza, na aliporudi alisema gita si lile.

Yabaki ile pikapu iliyokufa. Hapa kununua kulikuwa kwa haki, na kuchagua ndiko kulikokuwa na maneno mengi.

Kuna namna mbili kubwa. Koili moja, niliyoieleza, ina sauti safi, nyembamba, inayong'aa. Kila uzi husikika peke yake. Namna ya pili huitwa hambaka, nayo ina koili mbili ubavu kwa ubavu. Seth Lover wa kiwanda cha Gibson aliitengeneza mwaka 1955. Akili yake ni hii: koili moja yazungushwa kinyume cha mwenzake, na sumaku zake nazo zageuzwa. Mvumo wa nyumba haujali sumaku, kwa hiyo huingia koili zote mbili ukiwa kinyume, nao hujiua wenyewe. Lakini sauti ya nyuzi, kwa sababu imegeuzwa mara mbili, hurudi kuwa upande mmoja na kujumlishwa. Mvumo hufa, nyuzi huzidi nguvu. Malipo yake ni kwamba sauti huwa nene na ya mviringo, na ule mng'ao wa juu hupungua.

Ipi bora? Swali hilo halina jibu mpaka useme wapiga muziki gani. Vijana wetu wapiga nyimbo za kwaya kwa mtindo wa rumba na dansi: solo inayotiririka juu, ridhim inayojibu, besi chini. Yeyote aliyesikia sahani za OK Jazz ya Franco, iliyoanza Leopoldville mwaka 1956, au Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, aijua sauti hiyo. Magita mawili au matatu yazungumza pamoja na hakuna linalomfunika mwenzake, kwa kuwa kila moja ni safi. Muziki huo wataka pikapu ya nguvu ya kiasi. Zile zenye nguvu nyingi, kama Super Distortion ya DiMarzio iliyotoka mwaka 1972, zilitengenezwa kusudi kuilemea amplifaya mpaka sauti ipasuke na kuunguruma, kwa muziki wa roki. Kwa kazi hiyo ni nzuri sana. Lakini ukiifunga kwa ajili ya ridhim ya rumba, tena kupitia miksa ya kanisa, utapata uji. Nilimwuliza kijana: "Wale unaowapenda uwasikiao katika simu, sauti yao yapasuka au yang'aa?" Alifikiri, akasema yang'aa. Basi tukaiacha habari ya nguvu.

Wauzaji hupenda kutaja omu kama kipimo cha nguvu: huyu 6,000, huyu 14,000. Si uongo, lakini si kweli yote. Omu nyingi huwa alama ya waya mrefu zaidi, na waya mrefu hutoa sauti kubwa na nene zaidi. Ila waya ukiwa mwembamba zaidi, omu huongezeka pasipo kuongezeka mizunguko. Tumia hesabu hiyo kulinganisha pikapu za namna moja tu. Sumaku nazo ni za namna mbili hasa. Aliniko, yaani mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti, ndiyo ya zamani. Ile ya namba 5 ina nguvu na mng'ao, ya namba 2 ni laini zaidi. Seramiki ni ya bei ndogo, na ndiyo iliyojaa katika magita ya kuanzia. Sauti yake huwa kali. Watu huidharau, mimi siungani nao. Seramiki iliyozungushwa vizuri yafaa kuliko aliniko iliyozungushwa ovyo.

Kisha kuna mambo ya rula, ambayo huwatesa walionunua kwa kutazama picha. Pima kutoka katikati ya kichwa cha kwanza mpaka katikati ya kichwa cha sita cha pikapu ya zamani. Yaweza kuwa milimita 50, yaweza kuwa 52 au zaidi. Mpya ikitofautiana, nyuzi za pembeni hukaa nje ya vichwa vyake, na kifuniko cha zamani hakitaivaa. Pima pia kina cha shimo katika mbao. Hambaka ya kawaida haiingii katika shimo la koili moja bila kuchonga mbao na kukata plastiki. Na katika kijiji kisicho na fundi wa kuchonga vizuri, simshauri anayeanza ajaribu. Ziko hambaka nyembamba zilizotengenezwa kwa kipimo cha koili moja. Tena mkumbuke kwamba volyumu ya omu 250,000 ndiyo ifaayo koili moja, na 500,000 ndiyo ifaayo hambaka. Ukifunga hambaka ukaacha volyumu ya 250,000, sauti itazidi kuwa nzito, nawe utailaumu pikapu bure.

Sisi tulinunua pikapu moja tu, ya koili moja, aliniko namba 5, ya kukaa darajani, omu 6,800. Ya darajani hukazwa kidogo kuliko ya shingoni, kwa sababu karibu na daraja uzi hutikisika kidogo. Haikuwa ya jina kubwa. Muuzaji alikubali ipimwe kwa mita mbele yetu kabla ya kulipa, na hilo kwangu lilitosha kuliko jina.

Kuifunga si kazi ngumu, yataka utulivu tu. Kabla ya kung'oa waya wowote, piga picha kwa simu, moja ya mbali na moja ya karibu. Chuma cha kuyeyushia risasi kiwe cha wati 40 hivi, kisikae muda mrefu juu ya volyumu kikaiunguza. Risasi iwe ile ya mafundi redio yenye utomvu ndani; ile ya mabati, yenye dawa kali, hula waya. Kazi ifanyike nje au dirishani, si jikoni, na mikono inawe kabla ya kula, kwa maana risasi ni sumu. Nyaya za pikapu ya koili moja ni mbili: mmoja waenda kwenye swichi, mwingine kwenye ardhi. Hambaka yaweza kuwa na nyaya nne za rangi, na kila kiwanda kina rangi zake. Fuata karatasi ya kiwanda kile kile.

Tulipoijaribu, darajani peke yake ilikuwa nzuri. Lakini swichi ilipowekwa pamoja na ya katikati, sauti ikawa nyembamba na yenye pua, kama redio ndogo iliyoanguka. Kijana aligeuka uso. Fundi hakushtuka. Alibadilisha nafasi za zile nyaya mbili za pikapu mpya, wa swichi ukaenda ardhini na wa ardhini kwenye swichi, na sauti ikajaa. Zilikuwa zikivutana, moja ikisukuma pale nyingine ivutapo. Jambo hilo hutokea sana pikapu za viwanda mbalimbali zikiwekwa pamoja, na halimaanishi kwamba umeuziwa kitu kibovu.

Mvumo haukwisha wote. Taa mpya za kanisa zikiwaka, gita bado lavuma kidogo, na kijana amejifunza kusimama akiwa ameligeuza upande, ambapo mvumo hupungua, na kufunga volyumu wakati wa masomo. Kisanduku cha DI tulikinunua pia. Fedha zilizosalia zilitosha vitambaa vya sare, si ushonaji. Akina mama walinung'unika siku mbili, kisha wakagawana kazi ya kushona. Mpiga solo hakwenda mjini. Husema bado azitaka zile pikapu za nguvu, siku atakayokuwa na gita lake na fedha zake, nami nimemwambia sina neno.

Ile pikapu iliyokufa ameiomba. Fundi alimwambia kwamba mara nyingi waya hukatika pale mwanzo au mwisho wake unapochomelewa, na hapo mtu mwenye macho mazuri aweza kuuokoa. Ukikatika ndani, sharti maelfu yale ya mizunguko yafunguliwe. Jioni nikitoka ofisini humkuta na tochi na sindano, wadogo wawili wamemkalia mabegani. Mwanzo wa waya ameukuta mzima. Mwisho bado autafuta.